Nani anapewa darasa la kwanza mwaka huu?

Wiki ya pili ya Januari, asubuhi ya kufungua shule, walimu wa shule nyingi za msingi hukutana ofisini kwa kikao kifupi. Mwalimu wa taaluma anasoma karatasi ya mgawanyo: nani anapata darasa lipi, mkondo upi, vipindi vingapi kwa wiki. Nje, chini ya mwembe, wazazi wamewashika watoto mikono, kila mtoto na daftari jipya na sare iliyonunuliwa kubwa makusudi ili ifike mwakani. Ndani, mwalimu mmoja anasikia kwa mara ya kwanza kwamba mwaka huu darasa la kwanza ni lake. Kikao kikiisha, anatoka moja kwa moja kwenda kusimama mbele ya watoto.

Halafu huyohuyo ndiye tunayemdai darasa lililoandaliwa. Mthibiti ubora wa shule akipita Februari atauliza chati ziko wapi, kona ya kusomea iko wapi, azimio la kazi liko wapi. Mzazi atauliza mbona mtoto wake amewekwa nyuma. Hakuna atakayeuliza mwalimu aliambiwa lini kwamba chumba kile ni chake. Mimi naanzia hapo, kwa sababu ushauri wote unaotolewa kuhusu maandalizi ya darasa, na ni mwingi, unakwama kwenye karatasi ile moja. Mtu haandai chumba asichojua kuwa atapewa.

Shule zetu hufungwa Desemba. Kuanzia hapo hadi Januari zinapita wiki kadhaa ambazo walimu wako likizo. Huyu kaenda kwao Kagera, yule Mbeya, mwingine yuko shambani anawahi mvua. Sidai wanyang'anywe likizo hiyo. Ninachodai ni kwamba mgawanyo usomwe kwenye kikao cha mwisho kabla ya kufunga, si kile cha kwanza baada ya kufungua. Najua jibu la wakuu wa shule: kuna uhamisho, kuna waliopangiwa usimamizi, kuna mwalimu mpya ambaye halmashauri imeahidi kumleta na haijulikani lini. Ni kweli. Lakini mabadiliko ya mtu mmoja au wawili si sababu ya kuwaacha wengine wote gizani kwa mwezi mzima. Aliyeambiwa Desemba na akabadilishiwa Januari amepoteza kidogo sana, na aliyeambiwa Januari hakuwa hata na cha kupoteza.

Tukiwa hapohapo kwenye karatasi, kuna jambo ambalo walimu wenyewe hulisema wakiwa kwenye chai ila haliandikwi. Darasa la kwanza mara nyingi hupewa aliyebaki. Walimu wanaosifika hupangwa darasa la nne na la saba, kwa kuwa huko kuna upimaji na mtihani wa taifa, na matokeo yanatangazwa. Darasa la kwanza halina wa kulitangaza. Anapewa aliyeripoti juzi kutoka chuoni, au anayehesabu miezi ya kustaafu, au mama mmoja mpole ambaye kila mtu anaona ana subira na watoto. Matokeo yake tunayakuta darasa la tatu na la nne: watoto wanaonakili ubao mzima kwa mwandiko safi na hawawezi kusoma walichonakili. Kwa maoni yangu, mkuu wa shule anayempeleka fundi wake wa kusomesha darasa la kwanza ameshaandaa nusu ya chumba kabla ya kununua hata boksi la chaki.

Mwalimu akishajua, kazi ya kwanza haihitaji fedha. Ni kwenda kwa mwenzake wa darasa la awali, ambaye kwa kawaida yuko mlango wa pili, na kukaa naye saa moja. Wengi wa watoto watakaoingia darasa la kwanza Januari wamekaa mikononi mwa mwalimu huyo mwaka mzima. Anajua nani anatambua herufi za jina lake na nani bado anashika kitabu juu chini. Anajua nani ana kifafa na mama yake anafichaficha, nani hutembea kutoka ng'ambo ya mto na mvua ikinyesha haji, nani hasemi mpaka asemeshwe peke yake. Mambo haya yangetosha kwenye karatasi moja ya makabidhiano. Shuleni tunakabidhiana funguo, majembe na madaftari ya stoo kwa saini, na watoto tunawakabidhi kwa orodha ya majina tu.

Sasa tuingie chumbani.

Chumba kilichofungwa wiki zote hizo kina wenyeji wake. Popo wamekaa darini na chini yao pana mavi makavu. Manyigu wamejenga kwenye kona ya juu ya dirisha. Mchwa wamepanda fremu ya mlango. Sakafu ya saruji imebomoka mahali palepale ilipobomoka mwaka juzi, karibu na mlango, na kila anayepita amekitanua kishimo kidogo. Tuliosoma miaka ya themanini tunakumbuka siku ya kwanza ilikuwa ya fagio la chelewa, jembe na ndoo. Hakuna aliyefundishwa chochote hadi majani yaishe uwanjani. Siku hizi desturi hiyo imepungua makali, ila bado watoto ndio wanaopewa vumbi la kwanza. Hilo lingefaa kuachwa. Mavi ya popo hayafagiwi makavu, na hayafagiwi na mtoto. Yanamwagiwa maji kwanza, mtu mzima anajifunga kitambaa puani, ndipo yanakusanywa. Kamati ya shule ikiitisha asubuhi moja ya wazazi kabla ya kufungua, kazi hiyo inaisha mapema na watoto wanakuta chumba kikavu.

Madawati yana hadithi yake. Mwaka 2016 serikali iliwabana wakuu wa mikoa na wilaya wamalize upungufu wa madawati kufikia mwisho wa Juni, na nchi nzima ilisikika misumeno. Yalitengenezwa kwa wingi na kwa haraka, mengine kwa mbao ambazo hazijakauka. Kwa hiyo leo shule nyingi zina madawati, na nyuma ya ofisi zina lundo la madawati yaliyovunjika miguu. Kabla ya kuomba mapya, lile lundo lipitiwe: matatu mabovu hutoa mawili mazima kama kuna fundi na misumari. Kwa yaliyomo darasani, kuna njia rahisi ya kuyakagua. Chukua kipande cha khanga iliyochoka ukipitishe taratibu juu ya benchi na ukingoni mwa meza. Kikinasa, pana msumari uliochomoza au kibanzi, na kabla ya mwezi kuisha pangechana kaptula au paja.

Kisha kuna kimo. Dawati la darasa la saba likipewa mtoto wa miaka sita, miguu inaning'inia na meza inamfika kidevuni. Anaandika akiwa ameinua mabega, anachoka upesi, na mwalimu anasema mtoto huyu mvivu. Kipimo chake hakihitaji futi: mtoto akiketi, nyayo ziguse sakafu na viwiko vilale juu ya meza bila mabega kupanda. Shule yenye madawati ya kimo tofauti huwa imeyachanganya bila mpango kwa sababu kila likizo yanatolewa nje kwa mitihani na mikutano, yakirudi yanaingia popote. Kuyapanga upya ni kazi ya asubuhi moja kwa wavulana wa darasa la sita.

Ubao ndio chombo kinachotumika kuliko kingine chochote, na ndio unaosahaulika. Ubao wetu mwingi ni saruji iliyosawazishwa na kupakwa rangi nyeusi, na ukizeeka unageuka kijivu na chaki haionekani. Rangi ya ubao inauzwa madukani, na kopo dogo linatosha ubao mmoja. Pasipo fedha, walimu wa zamani waliutia weusi kwa mkaa uliotwangwa na kusuguliwa pamoja na majani mabichi. Haudumu, lakini unasaidia kwa muhula. Ile desturi nyingine, ya kupasua betri kuukuu za tochi na kupaka unga wake mweusi, iachwe kabisa. Unga ule una kemikali, na mikono iliyoupaka ndiyo inayoshika mhogo wakati wa mapumziko.

Ubao ukishakauka, mwalimu aandike neno moja katikati, kisha aende akakae kwenye dawati la nyuma kulia, la nyuma kushoto, na lile la mbele lililo karibu na dirisha. Kwenye mojawapo atakuta mwanga unarudi kutoka ubaoni na neno halisomeki. Ajue mapema mahali hapo ni wapi. Kwa darasa la kwanza kuna la ziada: kipande cha chini cha ubao, kwenye kimo cha kifua cha mtoto, kichorwe mistari ya kudumu kwa rangi nyeupe nyembamba, ili watoto wapite mbele na kuandika wenyewe bila kuruka.

Hapo ndipo tunafika kwenye hesabu iliyo ngumu kuliko zote, ya nani akae wapi.

Kiwango kinachotajwa kila mara ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, na 25 kwa darasa la awali. Tuchukue chumba cha mita saba kwa tisa. Watoto 45 ndani yake kila mmoja ana mita moja ya mraba na karibu nusu. Wakiwa 110, na shule zenye darasa la kwanza la namna hiyo si za kutafuta kwa tochi, kila mmoja anabaki na zaidi kidogo ya nusu mita ya mraba, na bado hatujatoa sehemu ya mwalimu, meza na mlango. Wingi huu una historia. Mpango wa elimu kwa wote wa mwaka 1977 ulijaza madarasa. Kufutwa kwa ada mwanzoni mwa miaka ya 2000, pamoja na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), kuliyajaza tena. Elimu bila ada ya Januari 2016 ikayajaza mara ya tatu. Mara zote tatu ilikuwa ni habari njema, na mara zote tatu watoto walifika kabla ya vyumba. Vyumba vimejengwa, hilo lisemwe: mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa kupambana na athari za UVIKO-19, serikali ilijenga vyumba 15,000, ila 12,000 kati ya hivyo vilikuwa vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, zile ndogo zilizo chini ya shule mama. Shule mama za msingi zilisubiri.

Na presha haijaisha. Kwa sera iliyotolewa mwaka 2023 elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita badala ya saba. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 wanamaliza la sita mwaka 2027, na waliokuwa la nne wanamaliza la saba mwaka huohuo. Walimu wa kidato cha kwanza wa Januari 2028 waanze kuvihesabu viti vyao mapema.

Chumba chenye watoto 110 hakipangwi kama chumba chenye 45 kilichobanwa zaidi. Kosa linalofanyika ni kuongeza safu hadi madawati yanagusana na ukuta, na mwalimu anabaki mbele kama mtu aliyesimama ukingoni mwa mto. Mtoto wa katikati hafikiwi kuanzia Januari hadi Desemba. Daftari lake linasahihishwa kwa kupitishwa mkono kwa mkono. Bora kutoa madawati machache nje kuliko kukosa njia. Njia moja katikati, moja kila upande, na kila mtoto awe umbali wa mkono kutoka kwenye njia mojawapo. Waliokosa madawati wakae juu ya majamvi mbele, karibu na ubao, na wabadilishane kwa zamu kila kipindi: walio kwenye jamvi wanasoma na kuimba silabi, walio kwenye madawati wanaandika. Mwanafunzi wa darasa la kwanza hawezi kuandika dakika arobaini mfululizo hata akipewa dawati la dhahabu, hivyo zamu hiyo haimpunguzii kitu. Kama kuna mti wenye kivuli na mwalimu wa pili, nusu wahesabu nje.

Halafu majina. Mwalimu asikubali watoto wajipange wenyewe siku ya kwanza na kuacha ibaki hivyo, kwa sababu watakaowahi mbele ni wale wachangamfu ambao hata wakikaa nyuma wangesikia. Kuna ambao lazima wawekwe.

Mtoto mwenye ualbino ana uoni hafifu karibu kila mara, hata kama hajasema, na mwanga mkali unamuumiza. Watu wanajua kumweka mbele, lakini wanamweka mbele dirishani, ambako jua la saa tatu linampiga usoni na ngozini. Nafasi yake ni mbele katikati, dirisha likiwa mgongoni au mbali, na aruhusiwe kusimama na kusogea ubaoni wakati wowote bila kuomba. Kofia asivuliwe ndani kwa jina la nidhamu.

Wengine matatizo yao ya macho hayajulikani hata nyumbani. Mwalimu anaweza kuwachuja bila kuwa daktari. Anachora herufi E kubwa kwenye karatasi kadhaa, kila moja ikielekea upande wake, anapima mita sita uwanjani, anamwambia mtoto afumbe jicho moja na aoneshe kwa vidole miguu ya E inaelekea wapi. Mtoto asiyejua kusoma anaimudu. Wanaokosea mara kwa mara wanaandikwa, wanasogezwa mbele, na mzazi anaitwa ampeleke kituo cha afya. Hali kadhalika masikio. Sikio linalotoka usaha ni jambo la kawaida mno kwa watoto wetu hata limezoeleka, na mtoto wa namna hiyo husikia nusu ya somo. Akiwa na sikio moja zima, akae upande ambao sikio hilo linamwelekea mwalimu. Jambo dogo hivyo, lakini nimeona walimu hodari ambao halijawahi kuwapitia akilini.

Wanaotumia mkono wa kushoto wakae mwisho wa dawati upande wa kushoto. Wakiwekwa katikati au kulia, kiwiko chao kinagongana na cha mwenzao siku nzima, ugomvi unazuka, na anayechapwa ni yule mwenye mkono wa kushoto. Wala asilazimishwe kubadili mkono. Babu zetu walilifanya hilo kwa nia njema na hakuna kilichopatikana.

Nimelipa suala la kukaa nafasi kubwa kwa sababu likikosewa hata chati nzuri haiokoi kitu. Sasa kuta.

Katika semina za walimu kuna msemo unaopendwa, wa darasa linaloongea: kuta zijae herufi, namba, picha, siku za wiki, ili mtoto akigeuka popote ajifunze. Wazo ni zuri, na limeokoa madarasa mengi yaliyokuwa na ukuta mtupu na kalenda ya mwaka juzi. Lakini limeanza kuzidishwa. Siku hizi unaingia darasa la kwanza unakuta ukuta mzima umechorwa ramani ya Afrika, mfumo wa chakula, nembo ya taifa, mzunguko wa maji na simba, vyote kwa rangi ya mafuta na vyote vya kudumu. Mgeni anafurahi, picha inapigwa. Mtoto anayejifunza kutofautisha b na d hana haja na utumbo mpana.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliwafundisha watoto 24 wa chekechea masomo mafupi ya sayansi, mengine katika chumba kilichojaa mapambo na mengine katika chumba chenye kuta tupu. Kwenye mapambo watoto walijibu sahihi asilimia 42 ya maswali, kwenye kuta tupu asilimia 55, na muda waliopoteza kutazama kwingine ulikuwa mkubwa zaidi penye mapambo. Ni utafiti mdogo wa mbali, na sisi tungeyapokea kwa mikono miwili matatizo ya mwalimu mwenye watoto 24. Hata hivyo unalingana na anachokiona mtu yeyote aliyewahi kufundisha karibu na dirisha linalotazama barabara.

Kanuni yangu ni kwamba kilichoko ukutani kiwe kinatumika wiki hii au kiondoke. Ndiyo maana chati zinazokunjwa zinaushinda uchoraji wa kudumu. Na chati bora kwa mazingira yetu haitokani na manila, ambayo unyevu wa Machi huikunja na panya huipenda kwa gundi yake. Inatokana na mfuko wa salfeti, ule wa mbolea au sukari. Unakatwa ubavuni na chini, unafunguka kuwa shuka moja, unafuliwa na kuanikwa. Ule wa mbolea ufuliwe vizuri, mbali na vyombo vya jikoni. Upande usio na maandishi unaandikwa kwa makapeni nene, herufi zenye urefu wa kiganja, kwa kuwa mtoto wa nyuma ndiye msomaji wako. Juu na chini unashonewa fito mbili nyembamba. Jioni chati inakunjwa kama jamvi na kurudi stoo, na mwalimu mwangalifu huitumia mwaka wa pili na wa tatu. Shule ikiwa na seti moja kamili ya silabi kwenye salfeti, ikiandikwa na walimu wenye mwandiko mzuri, hakuna sababu ya kila anayepangiwa darasa la kwanza kuanza upya. Hiyo nayo ingekabidhiwa kwa saini, pamoja na majembe.

Vya kuhesabia ni vizibo vya soda. Msimu wake ni Desemba: sikukuu zikipita, mwenye baa au duka la vinywaji atakupa ndoo nzima na kukushukuru kwa kumpunguzia uchafu. Vioshwe, vyenye kutu vitupwe, kisha vigawanywe kwenye makopo, kopo moja kwa kila watoto wanne au watano, kila kopo vizibo hamsini. Kuvigawa mapema ndilo jambo lenyewe. Mwalimu anayeingia na ndoo moja ya vizibo mbele ya watoto mia hatapata kipindi, atapata soko. Vijiti vifungwe kumikumi kwa mpira wa tairi la baiskeli, mtoto ashike kumi mkononi kabla hajaiandika.

Darasa la awali lina mahitaji yake ya kona: ya nyumbani, ya duka, ya ujenzi, ya kusoma. Wenye vyumba vidogo hukata tamaa wakisikia kona nne. Kona si lazima iwe kona. Boksi lenye pakiti tupu za majani ya chai, makopo ya maziwa na vipande vya karatasi vilivyoandikwa 100 na 200 ni duka tosha. Linafunguliwa juu ya jamvi, watoto wananunua na kurudisha chenji, linafungwa.

Nani analipa? Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati yake 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Kwa darasa letu la watoto 110, kinachofika shuleni ni shilingi 660,000 kwa mwaka, yaani 55,000 kwa mwezi, na hapo pana chaki, mitihani, michezo, ukarabati na karatasi za ofisi. Makapeni na gundi, kwa hiyo, hutoka kwenye mshahara wa mwalimu, na tumeshaizoea hali hiyo kiasi cha kuiita moyo wa kujituma. Kuchangisha fedha kuna taratibu zake na lawama zake. Njia nyepesi ni kuomba vitu badala ya pesa, kwenye kikao cha wazazi cha Desemba, kwa hiari: salfeti moja, vizibo ishirini, kopo, kamba ya katani. Wasio na kitu waje na mikono siku ya usafi. Mzazi asiyeweza kutoa shilingi elfu mbili mara nyingi anaweza kushona fito kwenye chati vizuri kuliko mwalimu mwenyewe.

Baada ya yote hayo, watoto walioandikishwa si watakaokuwepo. Uandikishaji unaendelea hadi Machi. Wafugaji wanahama na kurudi, mama anaolewa kijiji kingine, bibi anachukua mjukuu, na mtoto asiye na sare haruhusiwi kurudishwa, jambo ambalo ni sahihi. Mwalimu aliyepanga chumba chake kikaenea kwa idadi ya siku ya kwanza atakipangua kila Jumatatu. Aache nafasi: safu moja ya jamvi isiyo na mwenyewe, makopo mawili ya vizibo ya akiba, kadi tupu za majina. Na aweke mpango wa maandishi wa namna ya kumpokea mtoto anayefika wenzake wakiwa wamefika silabi za *ma me mi mo mu* naye hajashika kalamu maishani.

Huyo mara nyingi ana tatizo la pili. Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia, lakini kwenye vijiji vingi vya Shinyanga, Simiyu au Dodoma mtoto anafika akizungumza Kisukuma au Kigogo tupu. Hajui maana ya kaa, simama, andika, na mwalimu aliyehamishiwa hapo kutoka mkoa mwingine hajui lugha yake. Asiwekwe nyuma asubiri kuzoea. Awekwe kando ya mwenzake anayejua lugha zote mbili, na huyo mwenzake achaguliwe mapema, kwa jina, katika saa ile moja ya Desemba na mwalimu wa awali. Wiki mbili za mwanzo amri zote ziende na ishara ya mkono, ileile kila siku. Chati ya kwanza ya herufi, ambayo wenzake wameshaiacha, itolewe stoo itundikwe tena upande wake, kwenye kimo cha macho yake, na kila siku wakati wenzake wako mapumziko ya uji apewe dakika kumi mbele ya chati hiyo, pamoja na kopo la vizibo.